Mjomba Asiyeibiwa

Mhina Sadala alijifunzia hesabu kwenye mkonge, na mkonge haubishi. Jani ni jani, bunda ni bunda. Bunda lililopungua linarudishwa, na mkataji anarudi shambani akinung'unika kwa lugha ya kwao. Kwa miaka mingi, kwenye shamba moja nje kidogo ya mji wa Korogwe, kazi ya Mhina ilikuwa kusimama mwisho wa mstari, chaki imechomekwa sikioni, akihesabu mabunda ya watu waliotoka pembe zote za nchi. Aliipenda kazi hiyo kama wenzake walivyopenda ngoma. Jumapili, kwa kukosa mabunda, alikwenda stesheni kuhesabu mabehewa.

Kisha mashamba yakawa ya umma, jambo jema, maana lilisemwa redioni. Lililofuata halikusemwa redioni. Watu wa ng'ambo walianza kusokota kamba za nailoni, bei ya mkonge ikaanguka kifudifudi, na makarani wa kuhesabu majani wakaambiwa kwamba Taifa linawashukuru sana. Mhina akakunja shati lake jeupe, akarudi kwao Handeni. Kwa kuwa alikuwa na mwandiko mzuri na hakunywa pombe siku za kazi, ofisi ya Ustawi wa Jamii ilimpa ukarani. Kazi yenyewe ilikuwa kuweka hesabu za watoto watukutu.

"Utukutu nao ni mkonge tu," alimwambia dada yake Mwaija siku aliyopata kazi. "Unaukata, unaufunga, unauhesabu."

"Na mwaka ambao utukutu utapungua?"

"Haupungui."

Mwaija alikuwa dada yake mkubwa, muuza vitumbua wa kando ya barabara pale Kabuku, mwanamke aliyeweza kumchamba mtu huku anamkaribisha chai. "Mdogo wangu," alisema, "wewe ukienda msibani utahesabu nywele za marehemu."

Watu wa Handeni hawakuchelewa. Walimpa jina la Bwana Asilimia, na yeye, maskini, alilipokea kama nishani.

Hapa inabidi ielezwe, kwa faida ya wasomaji waliojaliwa wajomba wa namna nyingine, kwamba kwa Wazigua wa kule kwao Mhina mjomba si mtu, ni ghala. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake; kaka wa mama ndiye mwenye mtoto, na mtoto naye ndiye mwenye mali ya kaka wa mama. Mpwa akipita kwa mjomba akamwona kuku, haombi. Kuomba ni tusi. Anayeombwa ni mtu baki. Anamkamata kuku, anamfunga miguu, anaondoka. Mjomba naye anatoka nje na kupiga yowe, "Jamani, wezi! Wamenimaliza!" kwa sauti ya kufika mpaka kisimani, huku moyo wake mweupe kama pamba. Mjomba anayeibiwa sana ana watu. Mjomba ambaye kuku wake wanakufa kwa uzee, huyo amekwisha. Siku yake ikifika, hata wa kushika jembe la kaburi atatafutwa kwa mbiu.

Kuku wa Mhina walikuwa wanakufa kwa uzee.

Kosa lilikuwa lake mwenyewe. Siku za mkonge, Abdi, kifungua mimba wa Mwaija, alifika kwa mjomba wake akachukua bata. Badala ya kupiga yowe kama mtu aliyelelewa, Mhina alimwita arudi, akamtaka aweke dole gumba kwenye karatasi ili bata "aingie hesabuni". Abdi aliweka dole. Akaweka na bata chini. Akaenda zake. Tangu siku hiyo watoto wa Mwaija wakija kwa mjomba wanaamkia, wanakunywa maji, wanaaga. Hata Zamda, kitinda mimba, binti mwepesi wa akili ambaye walimu walimtaja kwa majina yote mawili, alipiga goti na kusema "Shikamoo, mjomba" kwa adabu iliyomwingia Mhina kama pilipili jichoni. Akiondoka, Mhina alitazama banda la kuku. Wote walikuwepo.

Hali ilikuwa hiyo mwaka ule wa kuhamia vijijini, watu walipopakiwa kwenye malori na kushushwa palipopangwa, kila nyumba ikitazamana na mgongo wa mwenzake katika mstari ulionyooka kama safu ya jeshi. Nyumba ya Mhina nayo ilihamishiwa kijiji kipya cha Kwedikoba, mkewe akiwa ndani, yeye akiwa ofisini mjini akiandika kwamba zoezi linakwenda vizuri. Ndipo alipofika Bwana Jonathan kutoka Chuo Kikuu.

Bwana Jonathan alikuwa kijana mrefu, mpole, mwenye miwani na viatu ambavyo vumbi la Handeni liliviheshimu kwa muda wa saa moja. Alitumwa na Kamati ya Malezi Bora ya mkoa apime utukutu wa watoto, wilaya kwa wilaya. Mhina alimletea hesabu zake kwa mikono miwili, kama anayeleta mtoto mchanga.

"Mwaka jana," alisema, "watoto tisa walifikishwa kwa hakimu."

"Wilaya nzima?"

"Wilaya nzima."

"Na wewe, ndugu Mhina, unaamini wilaya nzima ina watoto tisa waliofanya kosa?"

Mhina alikuna kichwa. "Ndio waliokamatwa."

"Haswa! Kitabu cha polisi hakipimi watoto. Kinapima miguu ya polisi. Penye kituo, watoto ni wahalifu. Pasipo kituo, watoto ni malaika. Polisi akipewa baiskeli, uhalifu unapanda. Baiskeli ikipata pancha, maadili yanaongezeka."

Mhina alijisikia kama mtu aliyeezuliwa paa na kuonyeshwa nyota. Miaka yote hiyo alikuwa akihesabu mabunda yaliyoletwa mwisho wa mstari, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba shamba lenyewe hajaliona.

"Sasa tunafanyaje?"

"Tunawaendea watu majumbani. Kila nyumba ya tatu, ili tusichague sura. Kila mtu swali lilelile kwa maneno yaleyale. Humwongozi, humfafanulii, hushangai. Makosa tutakayoyapata tunayagawa kwa idadi ya watoto, tunazidisha kwa elfu, na hapo Handeni inaweza kulinganishwa na Korogwe, na Korogwe na Ulaya."

"Ulaya nako kuna utukutu?"

"Huko ndiko ulikopimwa kwanza."

Kwedikoba ilichaguliwa kuwakilisha wilaya kwa bahati nasibu, vijikaratasi kwenye kofia ya Mhina mwenyewe. Mbinu ilisema mhojiwa awe peke yake, mahali tulivu. Mbinu haikuwahi kufika Kwedikoba. Bwana Jonathan alipofungua karatasi zake kwenye nyumba ya kwanza, nusu ya kijiji ilikuwa imeshakaa chini, na nusu nyingine inatafuta viti.

Nyumba hiyo ilikuwa ya Mzee Hiza, jirani wa Mhina, mzee mfupi mwenye sauti ndefu.

"Je," Bwana Jonathan alisoma, "katika mwaka huu mmoja uliopita, kuna mtoto asiyelala nyumbani humu aliyechukua mali yako bila ruhusa yako?"

Mzee Hiza alimtazama kwa huruma. "Mtoto? Mmoja? Mwanangu, umekuja kunidharau?"

"Wako zaidi ya mmoja?"

"Andika. Andika kuku. Andika jogoo. Andika mahindi debe moja, na debe lenyewe. Andika mundu, na huo mundu ulikuwa mpya!"

Bwana Jonathan aliandika hadi kidole kikapata alama. "Unawafahamu waliofanya hivyo? Majina ni ya kutuwezesha kurudi kuhakiki tu."

"Nisiwafahamu wapwa zangu!" Akawataja mmoja mmoja, kwa majina yao na ya baba zao, kama anayesoma wagombea waliopita bila kupingwa.

Mhina aliona mambo yanaelekea porini. Alimvuta Bwana Jonathan pembeni. "Ndugu Jonathan, kuna jambo la hapa kwetu…"

"Hatumwongozi mhojiwa."

"Simwongozi. Nataka kufafanua kwamba…"

"Wala hatufafanui," alisema Bwana Jonathan kwa upole, na upole huo ulimfunga Mhina mdomo, kwa sababu kanuni ni kanuni, na yeye tangu mkongeni hajawahi kuona kanuni asiyoipenda.

Nyumba iliyofuata ilikuwa imeshasikia ya Mzee Hiza, ikaongeza mbuzi. Iliyofuata ikaongeza mbuzi wawili na beberu. Kufikia adhuhuri, kuku walioibiwa Kwedikoba walikuwa wamezidi kuku waliowahi kuanguliwa hapo. Mzee mmoja asiye na dada hata wa dawa alijikuta ameibiwa baiskeli.

Mwisho wa mstari alikaa Tiampati, mfugaji aliyeambiwa na serikali aache kuhamahama, na ambaye alikuwa bado anatafakari ushauri huo. Yeye hakuibiwa kitu. Lakini fomu ilitaka idadi ya watoto.

"Wapo," alisema Tiampati.

"Wangapi?"

"Wapo tu."

"Namba, mzee wangu."

"Ng'ombe na watoto hawahesabiwi. Ukiwahesabu, umewaitia fisi." Akamgeukia Mhina. "Na huyu ndiye anayewaita kila mwaka?"

Bwana Jonathan aliona watoto wawili mlangoni, akaandika wawili. Wale wengine, ambao walikuwa machungani na ambao wangejaza behewa, hawakuingia katika watoto wa Tanzania. Hivyo makosa yakawa yanaongezeka na watoto wanapungua, na hesabu za kugawanya, kama mtu yeyote aliyefika darasa la nne anavyojua, hazina huruma na hali kama hiyo.

Kisha, kwenye mstari wa nyuma, zamu ya nyumba ya tatu ikaangukia kwa Mhina.

"Ruka hiyo," alisema. "Mimi ni mhesabuji."

"Hatuchagui sura," Bwana Jonathan alimkumbusha.

"Aulizwe! Bwana Asilimia naye aulizwe!" umati ulipiga kelele. Mzee Hiza alisogeza kigoda mbele. "Mnampotezea bwana mkubwa muda wake," alisema. "Huyu kuku wake wana mvi."

Watu walicheka mpaka mkewe Mhina akaingia ndani na kufunga mlango. Bwana Jonathan, ambaye hakujua kinachochekwa, alisoma swali lake kwa maneno yaleyale. Mhina alisimama kwenye kivuli chembamba cha paa lake mwenyewe. Alitazama nyuso zile za watu aliokua nao. Alijua jibu la kweli lina silabi tatu tu.

"Ndiyo," alisema. "Mbuzi."

Kicheko kilikatika.

"Mbuzi mzima?" Mzee Hiza aliuliza.

"Na kamba yake."

"Nani aliyemchukua?" Bwana Jonathan aliuliza.

"Zamda. Mtoto wa dada yangu Mwaija, wa Kabuku."

Mwanamke mmoja nyuma alipiga kigelegele. Mzee Hiza alimpa mkono. Bwana Jonathan aliandika jina la binti na umri wake. Mbuzi mwenyewe hakuwahi kuzaliwa, lakini Mhina alikwenda kulala usiku huo akimwona kabisa: mweusi, mwenye doa kwenye paji la uso.

Hesabu zilipokamilika, Handeni ilitoka na makosa mia sita kwa kila watoto elfu. Bwana Jonathan, ambaye alikuwa amehamia Korogwe kumalizia ripoti yake baada ya kupima Vugiri, kule milimani, na vijiji vya bondeni, aliirudia hesabu hiyo mara kwa mara kama mtu anayejipapasa mfukoni, kisha akaipigia Kamati simu. Kamati ya Malezi Bora haikuwahi kuona namba kubwa kiasi hicho isipokuwa kwenye malengo ya kilimo. Waraka ukaja Handeni upesi, tena kwa dereva. Ripoti ikabidhiwe Ijumaa pamoja na majina yote. Waliotajwa watachukuliwa kwa lori, wakakae mwaka mzima kwenye kambi ya malezi. Walio shuleni wasimamishwe. Waliochaguliwa kwenda sekondari, nafasi zao wapewe watoto wenye nidhamu.

Mhina aliusoma waraka akiwa amesimama. Alikuwa bado anausoma Mwaija alipoingia ofisini bila kubisha hodi, khanga mpya begani, akinukia mafuta ya vitumbua.

"Wamemchukua!" alisema Mwaija. "Zamda wangu! Jina limebandikwa ubaoni. Anakwenda sekondari Korogwe, Mhina, msichana wa kwanza kutoka shule ile! Mwalimu mkuu kanunua vitumbua vyangu vyote, na yule hajawahi kununua hata kimoja."

Mhina alikaa chini.

"Mbona umekaa kama umepigwa bumbuwazi? Furahi basi! Na tena, nimesikia kichekesho njiani. Wanasema Zamda alichukua mbuzi kwako. Nikawaambia, hapana, huyo atakuwa Mhina mwingine. Huyu wetu mpwa hachukui kwake hata homa."

"Ni mimi."

"Wewe nini?"

Akampa waraka. Mwaija alisoma polepole, midomo ikicheza, hadi mwisho. Akaukunja vizuri.

"Mwanangu kakuibia lini?"

"Hajaniibia."

"Sasa kwa nini ulisema kakuibia?"

"Kwa sababu hajawahi kuniibia."

Mwaija alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza, na karani wa chumba cha pili akachungulia. Kisha kicheko kikaisha kama maji ya mtungi, na uso uliobaki ulikuwa wa dada mkubwa aliyembeba Mhina mgongoni wakati wa njaa.

"Kwa hiyo," alisema, "mwanangu atapanda lori la wahuni kwa sababu ulionea aibu kuku."

"Dada, nitatengeneza."

"Si utatengeneza. Nenda sasa hivi ukafute. Mimi narudi Kabuku, nina unga nimeuacha. Na Zamda sitamwambia, maana akijua atakuja kukuomba msamaha kwa mbuzi ambaye hakumchukua. Ndivyo ulivyomfundisha."

Mhina aliona njia moja. Wazee wote wa Kwedikoba wafute maneno yao, naye afute katikati yao, kimya kimya, kama mtu anayetoka msikitini na kundi. Siku hiyohiyo alifika kwa Mzee Hiza, akamweleza habari za lori. Mzee alisikiliza huku akichonga mpini.

"Unataka niseme nini hasa?"

"Useme wapwa zako hawakuchukua kitu kwako."

Mzee Hiza aliweka mpini chini. "Niwakane?"

"Si kuwakana, mzee. Ni kwa karatasi tu."

"Nisimame mbele ya watu nitamke kwamba watoto wa dada zangu hawaingii kwangu? Mhina, si bora ungenitukania mama, ukaenda zako?"

"Watapelekwa kambini!"

"Wapelekwe. Nitapanda lori nao, na nitapiga yowe mpaka hukohuko mkoani kwamba wameniibia." Akachukua mpini wake tena. "Mtu akienda kambini anarudi. Mpwa ukishamkana, wa kumrudisha ni nani?"

Nyumba ya pili ilimjibu hivyohivyo, ila kwa sauti ya juu zaidi. Nyumba ya tatu ilimwachia mbwa. Yule mzee asiye na dada ndiye aliyekasirika kuliko wote, akasema kwamba baiskeli yake iliibiwa, iliibiwa kabisa, na hatanyang'anywa wapwa wake na mtu wa serikali.

Alhamisi asubuhi Mhina alipanda basi la kwenda Korogwe. Alikuwa amevaa shati jeupe lilelile la mkongeni, na njia nzima hakuhesabu kitu, hata nguzo za simu.

Alimkuta Bwana Jonathan kwenye baraza ya nyumba ya wageni, anakunywa chai, ripoti imelala mezani chini ya jiwe ili upepo usiisome kabla ya Kamati. Mhina hakungoja kukaribishwa kiti. Alieleza habari za wajomba na wapwa, kuku na yowe, toka mwanzo. Bwana Jonathan aliacha chai ikapoa.

"Kwa nini hukuniambia tulipokuwa kule?"

"Nilianza. Ukasema hatufafanui."

Bwana Jonathan alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. "Kweli, nilisema. Lakini ndugu Mhina, siwezi kufuta majibu ya kijiji kizima kwa sababu umenieleza desturi. Kamati itasema nimewatetea wezi kwa mila. Kila mtu aliulizwa, kila mtu alijibu, na hakuna aliyekana."

"Hawatakana."

"Basi yanabaki."

"Na la kwangu?"

"La kwako limefanyaje?"

"La kwangu ni uongo. Hakuna mbuzi. Hakuna aliyechukua chochote kwangu." Maneno yalitoka makavu, kama maganda. "Mpwa wangu Zamda hajawahi kuchukua kwangu hata yai. Amechaguliwa sekondari, hapahapa Korogwe, na jina lake liko chini ya jiwe hilo."

Bwana Jonathan alilitazama jiwe. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa mbinu, na mbinu nayo ina milango ya nyuma. Aliinua jiwe, akafunua kurasa mpaka akapata ukurasa wa Kwedikoba.

"Hili dogo," alisema. "Nalifuta. Naandika kwamba nyumba hii haikuhojiwa kwa kuwa ni ya mtumishi wa zoezi. Hakuna atakayeuliza. Binti anakwenda shule, wewe unabaki kazini, mambo yamekwisha." Alishika kalamu.

Mhina alivuta pumzi. Karibu aseme ahsante. Kisha akaliona lori likiingia Kwedikoba, na mtu wa Kamati amesimama juu yake anasoma majina: wapwa wa Hiza wote, wapwa wa nyumba hii na ile, hata wale wa kubuni wa mzee asiye na dada, na katika orodha nzima jina la Zamda halimo. Aliwaona watu wanageuka kumtazama. Alimsikia Mzee Hiza akisema, "Nilijua." Kumbe hata akiokoka kimya kimya, lori lingekwenda kumtangaza.

Wako watakaosema aliyoyafanya baadaye aliyafanya kwa uchungu wa watoto wa wenzake, na uchungu huo ulikuwemo, labda kikombe kimoja. Debe zima lililobaki lilikuwa fahari.

"Usifute moja," alisema Mhina. "Mhesabuji akisema uongo, mbinu inasemaje?"

Kalamu ya Bwana Jonathan ilisimama hewani. "Inasema kazi yote aliyoigusa haiaminiki."

"Nimegusa ipi?"

"Yote ya Handeni."

"Basi andika hivyo."

"Utapoteza kazi."

"Ya kuhesabu watoto, ndiyo. Andika."

"Ndugu Mhina, ile mia sita kwa elfu ndiyo namba kubwa kuliko zote nilizowahi kupata," alisema Bwana Jonathan, na sauti yake ilikuwa na majonzi ya kweli, kama mvuvi wa mto Pangani anayeambiwa amrudishe kambare. Lakini aliandika. Mhina aliweka sahihi chini ya maelezo kwamba yeye, kwa kuogopa kuchekwa na jirani zake, alitoa taarifa ya wizi usiotokea. Waliandika nakala mbili. Kisha Bwana Jonathan akamwagizia chai, na wakazungumza mpaka mchana juu ya namna ya kuuliza swali lile vizuri zaidi. Hawakuipata.

Ripoti iliyofika kwa Kamati ilikuwa na jedwali zuri, kila wilaya na namba yake, na mbele ya Handeni kistari tu. Kamati ilikasirika kwa wiki mbili, kisha ikapata jambo jingine la kukasirikia. Lori lilipelekwa kubeba mbegu za mihogo. Mhina alitolewa Ustawi wa Jamii, akapangiwa Kabuku, kuhesabu magari yanayopita barabarani, kazi aliyoifanya kwa furaha kubwa, kwa kuwa lori halina mjomba. Mchana alikula vitumbua kwa Mwaija, ambaye hakumsamehe kwa maneno, ila alianza kumpa vile vya juu kwenye sinia.

Maelezo yale aliyotia sahihi yalifika Kwedikoba kabla yake. Hakuna anayejua yalivyofika, lakini karani wa chumba cha pili alikuwa na ndugu huko. Watu walimcheka Mhina msimu mzima wa mvua. Alikuwa amesema mwenyewe, kwa mwandiko wake mzuri, mbele ya serikali, kwamba ni mjomba asiyeibiwa. Hakuna aliyewahi kusikia mtu akitamka neno kama hilo kwa hiari, na kicheko chao, kadiri siku zilivyokwenda, kilipungua ukali.

Jumamosi moja kabla shule hazijafunguliwa, Zamda alikuja Kwedikoba kumuaga mjomba wake. Alipiga goti mlangoni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Unaondoka lini?"

"Jumatatu. Mama ameniambia yote." Alitazama chini. "Mjomba, shule wanataka sanduku la bati. Baba amesema atanunua baadaye. Nilikuwa naomba, kama hulitumii hilo lako la mkongeni…"

"Usiniombe," alisema Mhina.

Zamda aliinua macho kwa hofu. "Samahani, mjomba."

"Sikukasirika. Nasema usiniombe." Alisimama, akatafuta la kufanya na mikono yake, akakosa. "Mimi natoka kidogo. Nakwenda kwa jirani. Nitakaa huko. Nitakaa sana."

Alivuka ua, akaketi kwenye kigoda cha Mzee Hiza, mgongo ameuelekeza nyumbani kwake. Ndani kulikuwa kimya. Kimya kilikaa muda mrefu. Halafu kikasikika kishindo cha bati kwenye kizingiti, kisha bati linaburutwa, kisha nyayo za mtu anayekimbia huku anacheka kwa kujizuia.

Mzee Hiza alinyoosha shingo. "Mhina, unaibiwa."

"Nani? Mimi sijaona kitu."

"Na kuku kambeba. Yule mwenye mvi."

Mhina hakugeuka. Alishika magoti yake kwa nguvu na kutazama mbele, kwenye mstari ule wa nyumba.

"Sasa piga yowe basi!" Mzee Hiza alimsukuma bega. "Piga, mtoto anafika njiani!"

Mhina Sadala alisimama. Alifungua mdomo, na mara ya kwanza haikutoka sauti, kwa kuwa hakuwa na mazoezi. Mara ya pili ilitoka, nyembamba, ya kukwaruza, lakini ilipofika kisimani wanawake waliweka ndoo zao chini ili waisikie vizuri.